Jina Lililosomwa Saa ya Vilio

Siku yangu ya kwanza redioni, hapa Likasi, mkuu wa vipindi alinipa matangazo ya vifo. Alisema hapo ndipo msomaji hupimwa: jina mara mbili, polepole, kisha avenue na namba ya nyumba, ndugu wasipotee njia. Saa ile ya mchana mji mzima ulitusikiliza, hata wale waliosema redio yetu haina lolote.

Baadaye nikahamishiwa habari za mji. Kila wiki nilisoma tangazo la serikali la tapage nocturne, yaani makelele ya usiku: baa na makanisa yapunguze sauti watu wakilala. Wenye baa walinisikia vizuri sana. Usiku walipunguza, mchana wakafungulia kama wanaolipiza kisasi.

Ndipo akaja Papa Ngoy, mfanyakazi wa tanuri la shaba, four kama wanavyoliita, zamu ya usiku. Chumba chake na baa viligawana ukuta mmoja. Alikaa mbele yangu, macho mekundu.

"Mama, miye nalalaka muchana. Kama sikulale, siku moya nitaanguka mu four."

Nilimhurumia, nikamfikishia mkurugenzi wetu habari zake. Mkurugenzi alikuwa mtu wa taratibu. Alisema tangazo la serikali haliguswi hata nukta, ila tungeweza kuandika letu wenyewe, la kuwaombea utulivu watu wa zamu, na kutaja nyumba ya Ngoy. Akalipanga saa ya vifo, kwa kuwa ndiyo inayosikilizwa. Nikamwambia saa ile ina mazoea yake.

"Soma tu, mama," akasema. "Batu iko na masikio."

Nikasoma. Jina mara mbili, avenue, namba. Waliosikia jina hawakungoja sentensi ya pili. Dada zake wakashika njia wakilia, majirani wakatoa viti, na mwenye baa akazima muziki, kama adabu inavyotaka jirani anapofariki.

Mengine Ngoy alinisimulia mwenyewe. Aliamshwa na vilio, akatoka amejifunga kitenge, wanawake wakatawanyika kama kuku. Walipotulia walicheka, kisha wakanikasirikia mimi. Ngoy alimtazama mwenye baa tu.

"Patron, kumbe hii muziki inazimikaka."

Watu wote wale wakamgeukia mwenye baa. Tangu siku hiyo, mchana alipiga muziki wa chini chini, mpaka Ngoy atoke kwenda kazini.

Sasa nimestaafu. Waandishi vijana huniuliza kama matangazo yetu yalibadilisha kitu. Mimi huwajibu kwamba sheria tuliyoisoma bado inataja usiku peke yake, na mchana kila mtu anajitetea kwa jirani yake. Siwapi matumaini zaidi ya hayo.

Ngoy naye amestaafu, mzima wa viungo vyote. Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimuuliza kama bado ananidai kwa kumuua redioni. Akacheka.

"Siku ya kilio yangu ya kweli, bapige tu muziki, mama. Miye sitaamuka."