Mpira Mfupi wa Leland

Mume wangu Leland ni mtu mwema, na nalisema hilo mapema kwa sababu nitakayoyasimulia hayatamsaidia. Anafanya kazi kwenye ghala la mahindi hapa Saline Fork, Nebraska, na kila vuli husaidia kuifundisha timu ya shule yetu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi. Ana ugonjwa mmoja tu: mpira mfupi.

Timu ikishafunga, huwapigia wapinzani mpira mbali kwa mguu, nao huanza zamu yao ya kushambulia. Lakini sheria inaruhusu kuupiga kwa ujanja udunde karibu. Ukishapita yadi kumi, anayeuwahi ni wake. Watu hufanya hivyo wakiwa nyuma na muda unawaishia, na kwa kuwa kila mtu anautazamia, mara nyingi wanaukosa. Leland alikuwa akiniambia mezani, viazi vikipoa, kwamba wote hao ni wajinga.

"Mpira mfupi unapigwa siku ambayo hakuna anayeufikiria," alisema.

Kocha mkuu alimsikiliza miaka nenda miaka rudi, akatabasamu, akaagiza upigwe mbali.

Mimi kwetu ni Kesterson, mji wa jirani, na kaka yangu Arlo ndiye kocha wa huko. Watoto wamepungua miji yote miwili, basi ikaamuliwa kwamba mwaka huu timu zitaungana chini ya Arlo. Leland alitaka kitu kimoja tu duniani: Arlo amchukue awe msaidizi wake. Vuli iliyopita ndiyo ilikuwa mara ya mwisho miji hii kukutana.

Taa za uwanja zilikuwa mbovu, tukacheza Ijumaa mchana. Kesterson walikuja na vijana wachache, nusu yao wakichechemea. Kufikia mapumziko tulikuwa tumewaacha mbali mno. Kijana wetu mmoja akavunjika mkono, kocha mkuu akampeleka hospitali, timu akamwachia Leland na agizo kwamba wamalize salama. Huku kwetu ukiwa mbele kiasi hicho unawaingiza wadogo, unaacha saa itembee. Hakuna mahali jambo hilo lilipoandikwa. Kila mtu analijua.

Tukafunga tena. Vijana wa Arlo wakarudi nyuma kabisa, mikono viunoni, wakisubiri mpira wa mbali. Nilimwona Leland anavyoitazama nafasi iliyobaki wazi mbele yao, nikajua. Akampa mpigaji wetu ishara. Mpira ukadunda, ukadunda tena, kijana wetu mmoja akaudaka bila hata mtu kumgusa. Haujawahi kupigwa vizuri hivyo. Leland akainua mikono yote miwili juu, na uwanja mzima hakuna hata mmoja aliyepiga makofi. Akaishusha polepole.

Baada ya mchezo wenyeji hulisha timu zote mbili ukumbini: mchuzi wa nyama na maharage, pamoja na mikate mitamu ya mdalasini. Mikate nilikuwa nimeioka mimi. Vijana wa Kesterson walitoa mikono kwa adabu, wakapanda basi lao.

"Tutakula nyumbani, dada," Arlo aliniambia, bila kunitazama.

Wanawake wenzangu wakafuta meza. Niliona haya kana kwamba nimekutwa naiba.

Nyumbani nilimpasha Leland. Alijitetea kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi.

"Lazima iwe sahihi," nikamwambia. "Hakuna aliyeufikiria, kwa sababu hakuna mwenye haya ambaye angeupiga!"

Hapo ndipo ilipomwingia. Aliiva uso mpaka masikioni, akasukuma sahani.

Jumamosi asubuhi tuliipeleka mikate Kesterson. Vijana walikuwa darasani wakiangalia video ya mchezo wa jana, na Arlo alitupokea mlangoni.

"Usiniombe mimi msamaha, shemeji. Waombe hao."

Leland akasimama mbele yao na sinia mkononi, akasema amekosa. Nahodha wao, Tobin, akauliza, "Kocha, kwani ulikuwa unatuchukia?"

"Hapana."

"Sasa ikawaje?"

Angeweza kumsingizia mpigaji. Hakumsingizia.

"Nilitaka kuona kama ule mpira utafaulu."

"Na sisi hukutuona?"

"Sikuwaona," akasema Leland.

Tobin akampokea sinia, akashukuru, na kila mmoja akachukua mkate, akala. Ndivyo tunavyolelewa huko kwetu. Wangemtukana ingekuwa nafuu. Njiani kurudi hasira yangu ilikuwa imeniishia. Ilibaki aibu tupu, yake na yangu.

Majira ya kuchipua Arlo alimpigia simu, akasema hana kinyongo, aje wafundishe pamoja. Leland akashukuru, akasema kazi za ghalani zimembana. Leo timu mpya imeanza mazoezi, na wakati huu wa mwaka ghala halina kazi; mji mzima unajua. Nilipompelekea chakula cha mchana, nikitokea uwanjani, nilimkuta anafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Akauliza ni nani anayewapigia mpira. Nikamwambia ni Tobin.

"Anaupiga mbali?"

"Mbali."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufagia.