Kofia Juu ya Jicho la Taa

Siku yangu ya kwanza kazini, saa moja na dakika kumi asubuhi, fomeni wangu wa kwanza, mzee mkimya aliyewahi kufanya kazi relini, alinikabidhi koleo na bisibisi. Kampuni yetu ilikuwa na kandarasi ya taa za mitaa ya Eastlands, Nairobi. Alinionyesha kidude cha kioo juu ya sanduku la swichi. Tulikiita jicho: kikiona giza, kinawasha taa. Akakifunika kwa kofia yake, na mchana kweupe taa ikawaka.

"Kama taa hujaiwasha, usiiwekee sahihi," akasema. Siku hiyo sikupewa somo jingine.

Miaka kumi na mitatu baadaye nilikuwa mkaguzi. Bila sahihi yangu, taa haikuhesabiwa kuwa imekamilika. Karibu na Soko la Burma, kwenye kichochoro ambacho wauza mboga hupitia alfajiri wakienda soko la Muthurwa, ilisimamishwa mulika mwizi, ile nguzo ndefu yenye taa nne. Jirani yangu, Mama Nekesa, alikuwa amenyang'anywa hapo mara mbili. Mara ya pili walimvunja mkono.

Siku ya uzinduzi, saa nne asubuhi, mheshimiwa mbunge alikata utepe na watu wakapiga makofi. Meneja wa kampuni yetu akanisogezea fomu ya kukamilisha kazi. Nikavua kofia, nikafunika jicho. Tukangoja. Hakuna kilichowaka. Nikafungua sanduku: kebo ya umeme haikuwa imeletwa kabisa.

"Weka sahihi bwana, kebo inakuja," meneja akaninong'oneza. "Usiniaibishe mbele ya mgeni."

"Ikija nitaweka, bosi."

Mama Nekesa, mkono ungali kwenye plasta, akauliza kwa upole, "Mheshimiwa, kwani hii nguzo ni ya kuanika nguo?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa hakucheka.

Kebo ililetwa wiki ya tatu. Nikafunika jicho tena, taa zote nne zikawaka, nikaweka sahihi. Mwezi uliofuata nilihamishiwa stoo, nikakaa huko hadi kustaafu, bila marupurupu ya mkaguzi.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii ya taa mtaambiwa maendeleo ni nguzo na utepe. Wizi ukizidi, mtaambiwa watu wa mitaa hii ndio wabaya, waongezewe askari. Mimi nimeona giza likiandikiwa fomu ili lipitishwe kama taa. Sikulipitisha. Nilikatwa marupurupu yale, shilingi 1,850 kila mwezi, kwa miezi tisini na sita, na ningekubali kukatwa tena zote: shilingi 177,600.