Watu wa Mnyapara Mmoja

"Jumamosi, tarehe 23 Machi 1974. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne. Jua limetoka kama vile halikuhusika. Mto Mkondoa umejaa, maji mekundu."

Hivyo ndivyo daftari langu linavyoanza siku ile, na leo ninapoyaandika haya upya najiuliza kama jua lilitoka kweli saa nne, au nilitaka tu litoke kwa sababu tulikuwa na wageni. Niliishia darasa la nne. Mambo yenye pande mbili hunipa tabu, maana kila nikimaliza kuandika upande mmoja naona nimeuonea mwingine. Nitajaribu.

Tuliishi Magomeni, pale Kilosa, nyumbani kwa baba: baba mwenyewe, bibi aliyemzaa baba, mdogo wangu wa kike, na mimi niliyerudi baada ya kufiwa na mume. Jina letu silitaji. Wenye jina hilo ni wengi na hawajanipa ruhusa. Niseme tu kwamba ukiliita kwa sauti stesheni siku ya treni, watageuka watu watatu wanne, na hakuna anayemjua mwenzake.

Baba alikuwa fundi wa ngoma. Alichonga mwenyewe, akawamba ngozi mwenyewe, akapiga mwenyewe. Wakati fulani watu wa redio walipita wakirekodi ngoma za vijiji vya ujamaa, wakamchukua hadi Mvumi akapige na kikundi cha kijiji. Baadaye tukasikia jina lake likitajwa redioni. Majirani walijaa uani. Baba peke yake ndiye aliyenuna. Alisema ngoma yake imesikika nyembamba.

Kumbe Mikumi, kwenye kambi ya mbuga, kulikuwa na kijana aliyesikiliza redio hiyo hiyo, naye jina lake lilikuwa hilo hilo.

Kijana huyo alikuwa mtaalamu wa wanyama. Kazi yake, alivyotueleza, ilikuwa kujua tembo wanakula nini msimu hadi msimu, na njia ya kujua ni kupekua mavi yao. Bibi alimwuliza kwa huruma kama serikali inafahamu anachokifanya. Kijana alipanda treni siku ya mapumziko, akaulizia nyumba ya mpiga ngoma, akasimama mlangoni kofia mkononi.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kwa sababu ya jina."

"Marahaba. Jina gani?"

Akalitaja. Baba hakuuliza la pili. "Ingia ndani, mwanangu, unasimamaje mlangoni kwenu?"

Kuku akachinjwa. Baba akapewa firigisi, kama desturi, na mgeni akapewa paja.

Hapo ndipo tulipojikwaa, ingawa hata leo sijui tungefanyaje vingine. Kwetu jina moja lilitosha kumwingiza mtu ndani. Kumwuliza babu yako alitoka wapi ingekuwa kama kumwambia mgeni hatumwamini. Mimi nilimwita kaka. Mdogo wangu naye alimwita kaka, safari ya kwanza na ya pili. Safari ya tatu aliacha kumwita chochote. Nililiona hilo nikanyamaza.

Mwaka haukuisha, wakataka kuoana. Upande wetu haukuwa na neno. Sisi ukoo unafuata mama. Jina la baba, alivyosema baba mwenyewe, ni la kuitikia shuleni. Lakini kwao kijana, mbali huko upande wa magharibi, ukoo unafuata baba, na jina ni damu. Baba yao alikwisha kufariki, kwa hiyo mkubwa wa nyumba alikuwa kaka yake, msomi wa chuo kikuu aliyefanya kazi ya kukusanya habari za kale za watu. Huyo alituma salamu kwamba hawezi kumwoza mdogo wake kwa dada yake. Hata hivyo hakutaka kulimaliza kwa salamu. Angekuja mwenyewe kutuambia hapana, kwa heshima.

Alikuja Jumamosi ile.

Asubuhi mdogo wangu alikuwa akipepeta mchele ambao hatukuwa na haja ya kuupika.

"Dada, kaka yake akisema hapana, yeye hatamvuka. Namjua."

"Na wewe?"

"Mimi nitaishi tu. Ila sitaolewa na mwingine. Liandike hilo kwenye daftari lako."

Sikuliandika. Niliogopa likishaandikwa litakuwa kweli.

Nakiri nilijiandaa kumchukia yule msomi, lakini hakunisaidia. Aliingia viatu vimejaa tope, akavivua nje, akaenda kwanza kwa bibi na kuinama. Alikula mihogo ya kuchemsha kama sisi. Mdogo wake alikaa pembeni, macho kwenye mkeka.

"Wazee wangu," msomi alisema, "mlimpokea huyu mkamwita mwana. Mlipomwita mwana, binti yenu akawa dada yake. Leo nikikubali, nitawaambia nini wazee kule nyumbani?"

"Waambie sisi tunahesabu kwa mama," baba akasema.

"Nitawaambia, baba. Watanijibu, sisi tunahesabu kwa baba."

Baba akawa anagonga goti kwa vidole. Haki niseme: wote wawili walisema kweli, ndiyo maana hapakuwa na pa kutokea.

Nadhani ni mazoea ya kazi tu yaliyomfanya msomi aulize tena. "Bibi, mzee wako jina hili alilipata wapi?"

"Alilikuta kambini," bibi akasema. "Kambi ya mkonge. Kulikuwa na mnyapara, ndiye mwenye jina. Kundi lake liliitwa watu wa fulani. Wengine walitoka huku Mamboya, kama mume wangu, wengine walitoka wanakokujua wenyewe. Watoto walipoanza shule, mwalimu akiuliza wewe wa nani, mtoto anataja mnyapara. Ndilo jina alilolisikia kila siku."

"Na babu yetu alikata mkonge huku Kilosa," msomi akasema polepole. "Lakini hilo halitoshi, bibi. Ndugu wawili wanaweza kufika kambi moja pamoja, mmoja akabaki huku akajiita wa Mamboya."

"Wanaweza," bibi akakubali. "Watu walikuwa wengi. Nitajuaje nani ndugu wa nani?"

Mdogo wangu aliinuka akaenda jikoni. Hakusema anafuata nini, wala hatukumwuliza.

Msomi alivua miwani akaifuta kwa shati, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Kisha akasema, "Bibi, mzee wako alipozikwa, nani aliyelala kaburini?"

Kwa vijana wa siku hizi nieleze kidogo. Makabila yaliyokuwa na utani yalizikana. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumcheka marehemu mbele ya wafiwa, kuvaa nguo zake, hata kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Wafiwa hawana haki ya kukasirika.

Bibi aliangua kicheko, akajifunika mdomo kwa kanga.

"Yule mshenzi! Alikuja kavaa suruali ya marehemu, akaruka shimoni, akajinyoosha. 'Huyu alikuwa mvivu,' anasema, 'hata kufa amekufa amekaa. Sitoki humu bila jogoo.' Watu wanalia na kucheka. Na mimi mjane nacheka, naona aibu! Tukampa jogoo. Akampokea kwa mkono wake ule mbovu, akamtia kwapani, akaondoka, hata kuaga hakuaga."

"Mkono mbovu vipi?"

"Vidole vimebaki viwili na gumba. Vingine vililiwa na mashine ya mkonge."

Msomi alimgeukia mdogo wake. Yule kijana, ambaye tangu aingie hakuwa amesema zaidi ya shikamoo, alisema, "Wa kushoto."

"Wa kushoto," bibi akasema. "Wewe umejuaje?"

"Ndio mkono alioushikia mkongojo. Nikiwa mdogo nilikuwa nauogopa."

Nakumbuka maji yakidondoka kutoka kwenye makuti ya jirani.

"Bibi," msomi akasema, "huyo ni babu yetu. Na mtu hamtanii maiti ya ndugu yake. Kwetu haiwezekani."

"Haiwezekani popote," baba akasema.

"Basi sisi si ndugu. Ni watani. Kwa watani kule kwetu mtu anaoa. Wazee nitawaeleza, na hili watalielewa haraka kuliko mimi."

Nimesikia watu wa mtaani wakisimulia kana kwamba bibi alimshinda msomi. Haikuwa hivyo. Bibi alikuwa na habari ile miaka yote asijue ina kazi gani, na yeye aliyekuja kusema hapana ndiye aliyetafuta mlango. Kama angetaka kuondoka na hapana yake, alikuwa nayo tayari.

Bibi hakungoja hata tupumue. Alinyoosha kiganja mbele ya msomi.

"Nirudishie jogoo wangu."

"Jogoo gani, yule mgonjwa wa kideri? Babu alimlalamikia mpaka anakufa!"

"Mjukuu wa mwizi wewe! Na miwani yote hiyo!"

"Miwani nimevaa ili nione mlichomlisha babu yangu."

Baba alicheka hadi akakohoa. Na hapo mdogo wangu akatokea mlango wa jikoni, macho mekundu, jogoo mzima kwapani. "Nimesikia kuna deni," akasema. Yule mtaalamu wa tembo alimtazama mpaka kaka yake akamkanyaga mguu.

Tangu hapo nimeishi na jina lile kwa namna nyingine. Mnyapara mwenyewe hakuacha mtoto, bibi alisema, au tuseme mtoto anayejulikana. Lakini jina lake limeandikwa juu ya vitabu vya shemeji yetu mkubwa, na chini ya ripoti za tembo, na lilitajwa redioni siku baba alipopiga ngoma iliyosikika nyembamba. Nimesikia pia kuna daktari mahali, na mchora picha Dar es Salaam. Sijui kama babu zao walikuwa watu wa kundi lile, huenda siyo. Nikiwasikia nafurahi tu, kisha najiuliza nani alilala kwenye kaburi la nani. Mnyapara yule, kama alikuwa mkali au mpole, sijui. Namshukuru hivyo hivyo.

Mdogo wangu aliolewa baada ya mavuno, akahamia Mikumi.

Jioni ile tulikula ugali, mlenda, na yule jogoo kwa mchuzi wa karanga. Nilimwekea baba firigisi kwenye sahani yake. Kabla hajaigusa, msomi alipitisha mkono juu ya bakuli, akaichukua, akaitia mdomoni, akatafuna taratibu akimtazama usoni. Baba hakuwa na haki ya kukasirika. Alisogeza sahani akala shingo.