Tumbo Nililolichora Vibaya

Marafiki, leo nimeomba msamaha kwa kosa ambalo sikulifanya.

Miaka ya themanini, nikisomea sanaa, nilimchora jirani yetu wa Kabuchai, ambaye leo ni Mama Wekesa, akipepeta maharagwe. Mwalimu wangu alizungushia tumbo kalamu nyekundu. "Vipimo vimekosewa."

(Vipimo ni hivi: mtu mzima ana urefu wa vichwa vyake saba na nusu, na kila kiungo kinalinganishwa na kichwa.)

Nilibisha kwamba nilichora nilichokiona. Nikafeli.

Asubuhi hii Mama Wekesa alikuja kwangu Matisi na mwanawe Wekesa, akitafuta picha ya ujana wake. Hana hata moja. Nikautoa ule mchoro kwa aibu.

"Uniwie radhi, mama. Tumbo nilikosea."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hukukosea, jirani! Hiyo mimba nilikuwa nimeficha, hata mama mkwe hakuwa anajua. Wewe na penseli yako ndio mliona!"

Ningejuaje, jamani?

Wekesa, baba wa watoto wanne, akainama akaligusa lile tumbo kwa kidole.

"Kumbe hii ndio picha yangu ya kwanza, bana!"