Nyimbo za Marehemu Mke Wangu Zimekwama Ndani ya Kompyuta

Ukurasa huu husitiri majina, ndiyo maana nathubutu. Nina miaka sitini na minane. Nilizaliwa Unguja, nikaja Mombasa kijana, na mpaka leo majirani zangu wa Mji wa Kale huniita mgeni kwa mzaha. Mke wangu nilitoka naye huko. Alifariki mwaka juzi.

Alikuwa somo, mwanamke anayemfunda bibi harusi. Nyimbo za mafunzo hayo alizipokea kwa mamake, na mwanamume haruhusiwi kuzisikia. Alipoanza kuugua, alizipiga chapa mwenyewe kwenye kompyuta yetu, kwa herufi za Kiarabu alizozoea kuandikia Kiswahili. Kila nilipopita, alifunika kioo kwa leso.

"Usizisome hata nikifa," aliniambia. "Ukijua tunavyowasema nyinyi wanaume, hutakula tena chakula changu."

Tulicheka, lakini niliahidi.

Mwezi uliopita binti yetu, anayefanya kazi ofisi moja karibu na bandari, alitia mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta ile ili amalizie kazi zake nyumbani. Aliambiwa programu za zamani zitaendelea kufunguka. Nyingi zinafunguka. Ile ya mamake imekataa, na nyimbo zikifunguliwa kwa programu nyingine hutoka alama zisizosomeka. Diskette za kuiingiza upya programu hiyo zimeliwa na ukungu. Binti alilia sana, maana anaolewa baada ya Ramadhani, na nyimbo zile aliandikiwa yeye.

Nikamwita fundi.

"Hakuna kilichopotea, mzee," alisema. "Maneno yamo, mfumo mpya ndio haujui kuyasoma. Nitazigeuza alama ziwe herufi, moja moja. Lakini nahitaji mtu anayesoma Kiswahili cha herufi hizi akae nami, aniambie kila neno ni lipi."

Binti anasoma Kurani vizuri, ila Kiswahili cha herufi hizo hakufunzwa. Wanawake waliokijua wamezikwa, au wako Maskati. Nimebaki mimi. Na fundi naye ni mwanamume.

"Baba," binti aliniambia, "Mama hakujua kama itakuwa hivi."

Huenda ni kweli. Nikisoma, nitamvunjia ahadi mtu ambaye siwezi tena kumwomba radhi. Nisiposoma, mwanawe ataolewa bila neno la mamake hata moja. Fundi anangoja jibu Jumamosi.

Kina mama mnaosoma ukurasa huu, nawauliza nyinyi kwanza: nisome?