Yes ya Kipemba

Kosa la kijinga kuliko yote niliyowahi kuyafanya lilikuwa na herufi tatu tu. Nilisema "yes" mbele ya bibi wa Kiingereza, si mara moja bali mara mbili, na katikati nikapachika "no" moja ya nguvu, na zote tatu nilizisema kwa moyo mweupe, nikiamini nasema kweli tupu. Kila nikisikia harufu ya chaki ikichanganyika na mafuta ya nazi, uso hunipanda joto. Ndiyo harufu ya darasa letu la wasichana pale Chake Chake, mwishoni mwa miaka ya hamsini: vichwa vyote vimepakwa nazi mpaka vinameta, na vumbi la ubao linatua juu yake kama unga juu ya maandazi.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Zuwena, alitoka Unguja, mwembamba, sauti kavu. Alikuwa akiinua kipande cha chaki na kutuuliza kama hicho ni ng'ombe. Nasi, wasichana wazima wenye akili zetu, tukaimba kwa pamoja kwamba hapana, hicho si ng'ombe, hicho ni chaki. Ole wako ujibu kwa neno moja. "Sentensi kamili!" angesema, na rula ikagonga meza. Mambo mengine yalitushinda kwa ukaidi tu. Sisi kwetu yeye ni yeye, awe shangazi au jogoo. Waingereza wao lazima kwanza wajue ni mume au mke ndipo wamseme. Muhula mzima mimi nilimwita baba yangu "she", na alhamdulillahi mwenyewe hakujua.

Mazoezi nikiyafanyia nyumbani Madungu, uani, na jirani yetu Riziki. Tulikuwa hirimu moja, lakini yeye skuli alikwishaiacha, akikaa kwenye kizingiti chao akisuka ukili wa mikeka, vidole vinakwenda mbio na mdomo unavishinda. Yeye akiuliza kwa Kiswahili, mimi nikijibu kwa Kiingereza. "Hujafua?" Nami: "Yes!" Yaani ndiyo, sijafua. "Hujateka maji?" "Yes!" "Na mama yako hajakupiga bado?" "Yes!" Riziki akacheka, akasema, "Kumbe Kizungu chepesi hivi! Basi na miye najua." Tuliendelea hivyo jioni baada ya jioni, na ile yes yangu ikaiva vizuri, kama embe lililofunikwa kwenye majani. Si Mwalimu Zuwena wala kitabu kilichowahi kutuambia kwamba Mwingereza ukimuuliza hujafua, naye hajafua, atakujibu "no".

Hayo yangekuwa mchezo lau si neno la baba. Baba alisema mara moja tu, akiwa anavaa viatu: nikichaguliwa kwenda sekondari Unguja, nitakwenda, nisipochaguliwa, nikae ndani, kwani kuna mtu wa Wingwi mwenye ng'ombe wengi ambaye ameshaleta salamu za posa. Mimi ni mtu wa kwetu, wala sifichi. Kulala nyumba ya shangazi, mtaa wa pili, kulikuwa kunanitia homa. Lakini nilipomfikiria yule mtu na ng'ombe wake, nikaona afadhali bahari.

Mtihani wa kuandika niliupita. Ukabaki wa mdomo. Bibi wa Kiingereza alikuja kutusaili, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, shingo nyekundu kwa joto, sura ya huruma. Mwalimu Zuwena alisimama mlangoni. Nilijibu jina langu, nilijibu umri wangu, nilijibu kuhusu ng'ombe na chaki. Kisha bibi akainama kidogo akaniuliza polepole kama kweli sitalia nikiwa mbali na mama. "You will not cry?" Nikasema kwa sauti, "Yes, madam!" Ndiyo, sitalia. Bibi akasikitika. Akauliza, kwa hiyo utalia? Nikashtuka. "No, madam!" Akakunja uso, akarudia: hutalia, basi? "Yes, madam!" Akaweka kalamu chini, akanitazama kama mtu anayetazama saa iliyosimama. Hapo nikajua nimeharibu, ila sikujua wapi. Nikawaona ng'ombe wa Wingwi wanakuja mmoja mmoja.

Kutoka mlangoni ikaja ile sauti kavu, kwa Kiswahili: "Sentensi kamili, mwanangu." Basi. Nikasimama wima, nikaitoa neno baada ya neno: "I will not cry, madam." Bibi akacheka mpaka akafuta macho, akaandika alichoandika. Nikachaguliwa.

Meli haijaiacha Mkoani nikaanza. Nikalia njia nzima, nikalia dakhalia, kwenye bweni la wasichana Unguja, nikalia kila nilipoona mtu amepaka mafuta ya nazi. Nikamaliza, nikarudi na cheti changu, na tangu hapo sijalala tena nje ya Pemba. Siku hizi wajukuu wanakijua Kiingereza kabla hawajajua kufunga kanga. Nikimwuliza mmoja, "Hujala?" hunijibu, "Hapana," nami nabaki na sahani mkononi, sijui nipakue au nirudishe chunguni. Zamani nilikuwa nikisema Kiswahili ndani ya Kiingereza. Wao wanasema Kiingereza ndani ya Kiswahili, na mwenye kukosea ni mimi tena.

Juzi nilikuwa nikimhadithia Riziki kisa hiki, kwa mara ya ngapi sijui, tunachagua mchele barazani kwake. Sasa yeye ni Bi Riziki, meno machache, mdomo ule ule. Nikamwambia kwamba mpaka leo naona haya kwa kosa lile. Akatupa kijiwe uani, hakuinua hata kichwa.

"Kosa gani, mwenzangu? Kakuuliza kulia, ukamwambia yes, ukenda ukalia. Uwongo ni ile sentensi yako kamili."