Kitufe Chekundu, Mwisho, Kulia

Wanaosema mjomba wangu aliiba marobota ya kanga bado wapo Morogoro hii, na wengine nawaamkia nikienda sokoni. Majina yao siandiki, maana watoto wetu wameoana. Vyeo vyao nitavitaja: meneja aliyeletwa na mwekezaji, na mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi, aliyekuwa mwenzetu. Fundi wa kompyuta namweka pembeni, kwa sababu yeye hakujua. Wale wawili walijua.

Mimi niliishia darasa la saba. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyeniteremsha kutoka Kinole, kijijini kwetu mlimani, akaniombea kazi kiwandani, kwenye chumba cha michoro. Tulikuwa tunachora mji wa kanga, yaani pale katikati, na pindo zake kwenye karatasi ya miraba, unajaza rangi mraba mmoja mmoja mpaka ua linatokea. Yeye alisimama kwenye mashine za kufumia tangu ujana wake, na masikio yalipochoka na zile kelele wakamhamishia stoo ya nguo zilizokwisha.

Kiwanda kilipouzwa, mwekezaji akaleta kompyuta stoo, na kijana wa Dar wa kuitengenezea programu. Alikuwa anaandika kwa lugha ya skripti. Unaandika maagizo kwenye faili la kawaida, kompyuta inayasoma mstari kwa mstari kuanzia juu, hakuna kuyapika kwanza yawe lugha ya mashine. Ukibadilisha mstari ukafungua dirisha upya, mabadiliko unayaona hapo hapo. Juu ya dirisha alitaka upau wa vitufe, kila kitufe na picha yake, kwa sababu maandishi ya Kiingereza yaliwapiga chenga watu wa stoo. Picha alizochora mwenyewe zilikuwa mbaya. Mtu akamwambia kuna dada anajaza miraba.

Nikamchorea. Robota linaloingia, robota linalotoka, printa, na mwisho kulia mkato mwekundu wa kufuta, kama alivyotaka. Nilipomaliza nikawa naangalia anavyozipandisha. Kila kitufe kilikuwa na mstari wake: jina la picha, maneno yanayotokea ukituliza mausi juu yake, na kazi ya kufanya ukibonyeza. Mstari wa kwanza kwenye faili ndio kitufe cha kwanza kushoto. Wa mwisho ndio mwisho kulia.

"Kumbe ni kama pindo," nilimwambia. "Ukikosea mpangilio, ua linakaa pasipo pake."

"Dada, wewe utaninyang'anya kazi," akasema, akaniachia kiti nijaribu.

Nilijaribu kweli. Chumba cha michoro kilishakuwa na dalili zote za kufungwa, nami nikaanza kujiona nimepata pa kushika.

Fundi akarudi Dar. Baada ya hapo mahesabu ya stoo yakaanza kupishana. Kompyuta inasema marobota yamo, rafu zinasema hayamo. Daftari la getini, lililoandikwa kila mzigo unaotoka, lilikuwa limeshaondolewa. Meneja alisema mambo ya karatasi yamepitwa. Mjomba akaambiwa ajieleze.

Jioni moja nikampitia stoo turudi pamoja nyumbani Mafiga. Lori la Dar lilikuwa ndiyo kwanza limetoka, naye anaingiza mzigo wake kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Alipomaliza akapeleka mausi mwisho kulia, akabonyeza chekundu. Kisha akachukua tambara akaipangusa kompyuta uso, pole pole, kama anamnawisha mtoto.

"Mjomba, umebonyeza nini hapo?"

"Nimesimamisha. Zamu si imekwisha?"

"Hicho siyo cha kusimamisha."

"Mwanangu, mimi nimesimamisha mashine za kiwanda hiki wewe hujajua hata kutembea. Chekundu, mwisho, kulia. Unasimamisha, unapangusa vumbi, unakwenda nyumbani."

Na ndivyo zilivyokuwa, mashine zote za kufumia pale ndani. Mkono wake haukuwa unasoma picha, ulikuwa unakwenda mahali. Kitufe kile kilifuta maandishi ya mwisho bila kuuliza, na ya mwisho kila siku yalikuwa ya lori la Dar. Mzigo umeondoka, kompyuta inaamini umo.

Asubuhi nikaenda kwa meneja. Alinisikiliza amesimama. "Mashine ya kufumia ni mashine ya kufumia," akasema, "na kompyuta ni kompyuta." Siku hiyo hiyo mjomba akasimamishwa kazi. Wanunuzi wa Dar wangeulizwa kama mzigo uliwafikia, wangejibu. Hakuna aliyewauliza.

Basi nikafanya nililoweza. Nilifungua lile faili, mstari wa kufuta nikauhamishia katikati, na picha yake nikaipaka kijivu. Mwisho kulia nikaandika mstari mpya wenye picha nyekundu, kazi yake: hifadhi, funga dirisha. Nilidhani mahesabu yakinyooka, hayo ndiyo yatakuwa shahidi wake.

Yakanyooka. Kwenye kikao cha wafanyakazi meneja akasema, "Mnaona wenyewe. Tangu mzee atoke stoo, hakuna kinachopotea."

Nikasimama, nikasema nimehamisha kitufe, nikaeleza na sababu. Mwenyekiti wa tawi alianza kazi kwenye mashine moja na mjomba. Mkono wake nao ulijua chekundu kiko wapi. Nilikuwa namtazama yeye. Yeye akatazama meza.

"Dada, kaa chini," akasema. "Usituchanganyie kikao na mambo ya maua."

Watu wakacheka, wengine kwa woga. Kupunguzwa kazi kulikuwa kunakaribia, na mwizi hapunguzwi, anafukuzwa, hana mafao ya kudai. Mwenyekiti alibaki kazini baada yetu sote.

Nimejiuliza mara nyingi, ningekiacha kitufe pale pale ingekuwaje? Aliyemrithi mjomba alitoka ofisini, hakuwahi kugusa mashine ya kufumia. Asingebonyeza chekundu, na mahesabu yangenyooka vile vile. Maneno ya meneja yangekuwa yale yale. Mtu akishaamua mwizi ni nani, hata ukweli unamfanyia kazi yeye.

Mjomba akafukuzwa, akapanda kurudi Kinole, kwenye migomba na midalasini. Kwetu ukoo unakwenda kwa mama, na mjomba ndiye anayekata neno la mashamba. Akaacha kukata. Watu wakija anasema, nendeni kwa mdogo wangu. Hilo ningelivumilia. Kilichonitisha ni kwamba alishaanza kujishuku. "Labda nimezeeka," aliniambia. "Labda waliyabeba mbele ya macho yangu."

Chumba cha michoro kilipofungwa nilitoka na karatasi za miraba zilizobaki. Nikapanda nazo Kinole. Nikachora upau wote kama fundi alivyoupanga, na rangi zake, nikamwekea mapajani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nini hiki?"

"Lori la Dar limetoka, umeshaliandika. Sasa fanya ulivyokuwa unafanya."

Kidole kikaenda chenyewe. Chekundu, mwisho, kulia.

"Hapo ndipo lori lilipokuwa linafutika," nikasema. "Hukuibiwa, na hukukosea kuhesabu."

Akakaa na kidole pale pale. "Kwa hiyo nilikuwa nasimamisha mashine."

"Ulikuwa unasimamisha mashine."

"Na uliwaambia?"

"Niliwaambia. Mwenyekiti alikuwepo."

"Yule anajua," akasema. "Yule nilimfundisha mimi."

Kiwandani hakuna aliyemsafisha mpaka leo. Lakini kabla sijateremka walikuja ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba, wakasimama uani wakisubiri watumwe kwa mdogo wake kama kawaida. Mjomba aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni mwa shati, akawaambia wakae.